Kabla tanga halijaanuliwa: ushauri kwa mliofiwa na mwalimu

Kama mmefiwa na mwalimu ambaye mtaa au kijiji kizima kilikuwa kikimtegemea, ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla watu hawajatawanyika msibani, tafuteni daftari muandike kazi alizokuwa akizifanya. Zote, hata zile zisizo na jina. Andikeni alimfanyia nani, siku gani, saa ngapi. Picha, hotuba na zawadi za kumbukumbu zinaweza kusubiri. Kazi zake hazisubiri, kwa sababu nyuma ya kila kazi kuna mtu ambaye kesho atafika mlangoni na kukuta hakuna wa kumpokea.

Nasema haya baada ya kumzika mwalimu wetu hapa Muheza. Alikuwa mmoja wa walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilijiwekea lengo kwamba kufikia 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku na wao wakifundishwa ualimu. Yeye alikuwa binti wa miaka 18. Mchana alikuwa na watoto, jioni akishika darasa la kisomo, akiwaelekeza herufi watu wa umri wa baba yake. Kizazi chake wapo waliokidharau kwa sababu ya vyeti vyao. Mimi naamini walimu hao wanaidai nchi hii heshima kubwa kuliko waliyopewa. Sensa ya 1967 ilikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 hesabu ya serikali ilikuwa takribani mmoja kati ya kumi. Kuna watu waliosimama mbele ya ubao, chini ya karabai, ili hilo liwezekane.

Alipostaafu akiwa na miaka 60, hakustaafu. Baraza la nyumba yake liligeuka darasa. Waliofika zaidi ni mabinti waliokatiza shule kwa sababu ya ujauzito. Hadi Novemba 2021, serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua warudi kwenye mfumo rasmi, baraza lile ndilo lilikuwa shule yao. Wengine walirudi madarasani. Wengine, wenye mtoto mgongoni na biashara ya kuangalia, walibaki kwake wakijiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule ambao mtu asiyepita sekondari hufaulu kwanza ndipo aruhusiwe kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jumamosi zilikuwa za wazee. Walimletea barua za mahakama, karatasi za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kadi za hospitali, hata simu zenye ujumbe wasiouelewa, naye akiwasomea taratibu na kuwaandikia majibu.

Hayo yote leo nayaeleza kwa mpangilio, lakini siku anafariki hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeyajua yote. Ndiyo maana nasisitiza msibani. Kwetu Waislamu maiti hazikawii, na siku ya tatu husomwa hitima, tanga likaanuliwa. Siku hizo chache ndizo pekee ambazo jirani, mtoto aliyetoka Dar es Salaam, mwanafunzi wa zamani na muuza vitumbua wanakaa kwenye mkeka mmoja. Nikiwa ndani na kina mama, kila aliyeanza kumlilia kwa jambo fulani nilimuuliza kwa upole: alikuwa akikufanyia lini? Binti yake mkubwa alijua habari za darasa, hakujua kwamba Alhamisi mama yake alikuwa akiwasindikiza wajawazito wadogo kliniki ili wasirudi nyuma kwa kuogopa maneno ya watu. Jirani alijua Alhamisi, hakujua ada za mtihani zililipwa na nani.

Wapo watakaoona si adabu kuandika mambo wakati watu wanalia. Ombeni ruhusa kwa mfiwa mkubwa, na mwandishi awe mtu wa makamo anayekubalika ndani ya nyumba. Sisi tulimwomba shangazi wa marehemu, akasema: "Andikeni, wanangu. Angekuwa hai angewauliza mbona mmechelewa."

Katika orodha yenu tafuteni kwanza chenye tarehe ya mwisho. Kwetu ulikuwa usajili wa mtihani. Alifariki mwanzoni mwa mwaka, wakati wa usajili, na mabinti wake walikuwa hawajasajiliwa. Wao wenyewe hawakuthubutu kulitaja, waliona aibu kuzungumza habari za fomu ilhali mwalimu wao yuko kaburini. Wawili kati ya wanafunzi wake wa zamani walichukua kazi hiyo moja tu: kuwapeleka kwenye kituo cha mtihani, kulipia, kuhakikisha majina yameandikwa sawasawa na kwenye vyeti vya kuzaliwa. Ilikamilika kabla ya arobaini. Sijaona rambirambi iliyonigusa kuliko ile.

Sasa nizungumzie karatasi zake, maana hapa watu wema huharibu bila kukusudia. Mwalimu wetu aliacha kaunta buku zilizojaa. Kwa kila mwanafunzi ameandika anachokosea, nani haoni ubao vizuri, nani huchelewa kwa sababu ya soko. Ameandika pia siri: nani anapigwa nyumbani, baba wa mtoto fulani ni nani. Mwalimu anayeaminiwa huambiwa mambo asiyoambiwa hata mama mzazi. Daftari kama hizo zisipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama nia ni kuonyesha bidii yake. Azisome kwanza mtoto wake mmoja mwenye kifua. Yanayohusu masomo yanakiliwe kwenye daftari jipya kwa ajili ya mwalimu atakayefuata, mengine yabaki ndani ya familia au yachomwe. Binti yake alichagua kuyachoma, nami naona alimtendea mama yake haki.

Mahali pa kufundishia napo msipachukulie kuwa penu. Nyumba ya marehemu ni ya warithi. Kuna kikao cha ukoo, kuna cheti cha kifo cha kufuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kuna shauri la mirathi mahakamani, na huenda mmoja wa watoto anataka kuhamia humo. Kuendelea kufika barazani na ubao wenu ni kuwabana wafiwa wasiweze kusema hapana. Tulimwendea mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, tukapewa chumba baada ya saa za masomo.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, ila lishikeni sana: rambirambi ni ya familia, isiguswe. Mkitaka kuchangia jambo la kumkumbuka, anzeni baada ya arobaini, kwa namba nyingine, mtunzaji mwingine, na mseme tangu mwanzo fedha ni za nini. Mkikusudia liwe jambo la miaka, sajilini kikundi halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Kwetu walikuwapo waliotaka fulana zenye picha yake. Sizichukii, lakini ada ya binti mmoja ingeliwa na fulana chache tu, na wengi walipolitazama hivyo walikubali wenyewe.

Sauti yake pia itafuteni mapema. Alikuwa akiwatumia wanafunzi masahihisho kwa kurekodi sauti WhatsApp. Simu hupotea, huibiwa, hubadilishwa, na sauti huondoka nazo, kwa hiyo kusanyeni na mhifadhi mahali pawili. Picha za akiwa mgonjwa kitandani msizisambaze. Wasifu tuliusoma siku ya arobaini, tukawaachia waliofundishwa ndio waseme. Muuza vitumbua alisimama na karatasi aliyoiandika mwenyewe, akasoma mistari yake minne bila kusaidiwa, na watu wazima walilia kwa sauti.

Darasa linaendelea. Alhamisi imechukuliwa na muuguzi mstaafu. Jumamosi ya wazee bado haijapata mtu wa kudumu. Vijana wanajua kusoma barua, lakini mzee anayeletewa hati ya shauri la shamba anataka mtu mzima, anayekaa hapahapa, ambaye hatalipeleka jambo lake sokoni Jumatatu. Kwa sasa shangazi anawapokea, anawapa uji, na mimi nafika ninapopata nafasi kuwasomea. Anayemfahamu mtu wa namna hiyo huku kwetu, naomba amlete kwa shangazi.