Filta ya oili: weka boksi pembeni, chungulia matundu

Watu wengi wakienda kununua filta ya oili husoma boksi. Mimi boksi naliweka pembeni, maana kuchapisha boksi zuri si kazi ngumu na wanaotengeneza feki wanalijua hilo kuliko sisi. Naigeuza filta mdomo juu, naisogeza kwenye mwanga na kuchungulia matundu.

Yale matundu madogo yaliyolizunguka tundu kubwa la katikati ndiyo mlango. Pampu inasukuma oili iingie hapo, inapita kwenye karatasi kutoka nje kwenda ndani, kisha inatokea katikati ikiwa imechujwa na kuelekea kwenye beringi. Nyuma ya matundu utaona mpira mwembamba. Huo ni vali inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa, na kwangu mimi ndiyo kipimo cha kwanza cha filta.

Kwa nini naupa uzito hivyo? Kwa sababu kwenye magari mengi filta imefungwa kwa ubavu, au mdomo wake unatazama chini. Mpira ukishakakamaa, oili inachuruzika usiku na filta inabaki tupu. Asubuhi ukipiga stata, taa ya oili inachelewa kuzimika na injini inagonga kwa sekunde chache mpaka filta ijae. Gari langu lilikuwa na tabia hiyo nilipolipata. Fundi wa kwanza alitaka kufungua injini juu, akisema ni valvu za injini. Nikamwomba tubadili filta kwanza. Kelele ikaisha. Ile kuukuu niliipasua, na mpira wake ulikuwa umekauka kiasi kwamba nilipoukunja ulibaki umekunjika.

Mpira wa silikoni unavumilia joto na kubaki laini kwa muda mrefu kuliko ule wa kawaida, ambao mara nyingi ni mweusi. Silikoni nyingi utazikuta nyekundu au za rangi ya chungwa. Ila rangi isikudanganye, mpira wowote unatiwa rangi. Chukua kijiti safi, uubonyeze kidogo kupitia tundu: ulio mzuri unanepa na kurudi papo hapo.

Karatasi ya ndani huwezi kuiona dukani, kwa hiyo hapo ndipo maandishi yanapokuwa na kazi. Ukiona imeandikwa tu kwamba inachuja mikroni 20 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), bado hujaambiwa kitu. Inachuja chembe ngapi kati ya 100 za ukubwa huo? Asilimia 99 na asilimia 50 ni filta mbili tofauti kabisa, na zote zinaweza kujisifu kwa mikroni 20. Kipimo kinachotumika kulinganisha ni ISO 4548-12, kiwango cha kimataifa cha kupima filta za oili. Kampuni iliyopima kweli haioni haya kuandika asilimia. Kwa anayemwaga oili mapema, karatasi ya kawaida inatosha. Anayetumia oili ya sintetiki na kukaa nayo muda mrefu atafute filta yenye nyuzinyuzi za sintetiki, kwa kuwa inabeba uchafu mwingi kabla ya kuziba.

Sasa kuna neno la madukani linaloniudhi: "hii inaingiliana." Inaingiliana kwa kipimo gani? Nyuzi za kufungia za M20x1.5 (upana milimita 20, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5) na za robo tatu ya inchi zinakaribiana sana, milimita 20 kwa 19.05. Filta ya M20 inaweza kuzunguka kwenye shina la robo tatu, yaani kile chuma cha injini filta inapofungwa, ikashika kwa ncha za nyuzi tu, halafu presha ikaja kuing'oa ukiwa barabarani. Hata nyuzi zikilingana, ndani ya filta nyingi kuna vali nyingine inayofunguka filta ikiziba au oili ikiwa nzito kwa baridi, ili injini isikose oili. Presha ya kuifungua hupangwa kulingana na injini. Nenda na namba ya filta iliyo kwenye kitabu cha gari.

Filta ikishatoka, ipasue. Usitumie msumeno wa chuma, vumbi lake litakudanganya. Kuna kikata filta maalumu kinachofanya kazi kama kopo la maziwa linavyofunguliwa. Angalia mikunjo ya karatasi: imepangana sawasawa, au imelundikana upande mmoja na kuacha mwanya? Gundi imefika hadi mwisho? Kisha nyoosha kipande cha karatasi juani. Ving'aavyo vikinaswa na sumaku ni chuma. Visivyonaswa huenda vinatoka kwenye beringi, na vikiwa vingi hiyo si habari ya filta tena, ni ya injini.

Wakati wa kufunga, hakikisha gasketi ya zamani, ule mpira wa duara wa mdomoni mwa filta, haikubaki imeganda kwenye injini, maana gasketi mbili zikikaa pamoja oili yote inaweza kumwagika. Paka oili kidogo kwenye gasketi mpya, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza takriban robo tatu ya mzunguko, au fuata kilichoandikwa kwenye filta yenyewe. Spana ya filta ni ya kufungulia. Washa injini, chungulia chini kama kuna tone, zima, subiri kidogo, uvute dipstiki (kijiti cha kupimia oili) tena: filta mpya imekunywa oili na huenda ukahitaji kuongeza.