Kuteketeza vifaa vyenye data za utafiti: kwa wanaoanza kazi ya takwimu Moshi

Ukiajiriwa katika mradi wa utafiti hapa Moshi, wiki zako za mwanzo utafundishwa namna ya kukusanya data, kuzihakiki na kuzituma kwenye seva. Namna ya kuziteketeza huenda isitajwe kabisa, kwa kuwa kila mtu huamini kwamba hilo ni jambo la siku ya kufunga mradi na kwamba mtu wa TEHAMA atalishughulikia. Siku hiyo ikifika, mtu wa TEHAMA mara nyingi ameshapata mkataba kwingine, na anayebaki na ufunguo wa kabati ni karani au meneja wa data, yaani wewe.

Kwa maoni yangu, kabati hilo ni hatari kuliko wadukuzi ambao semina zetu hupenda kuwazungumzia. Ndani yake mna flashi zisizo na lebo, kadi za memori zilizotolewa kwenye vinasa sauti, vishikwambi vilivyopasuka vioo, kompyuta mpakato isiyowaka, na diski za nje ambazo mtu alizijaribu, zikagoma kusoma, akaziandika "mbovu". Diski ikigoma, huenda kilichoharibika ni bodi ya umeme au kiunganishi tu, na data zimekaa salama palepale zilipoandikwa. Fundi mwenye ujuzi na vifaa anaweza kubadili bodi na kuzisoma. Kwa hiyo neno "mbovu" lisikutulize, bali likukumbushe kwamba kifaa hicho huwezi tena kukifuta kwa programu na njia iliyobaki ni kukivunja.

Utaambiwa kwamba hakuna la kuhofia kwa kuwa majina yaliondolewa. Usikubali upesi. Utafiti wetu mwingi hufanyika katika vijiji vya mlimani ambako watu wa ukoo mmoja wanakaa kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vinavyopakana, na majirani wanajuana kwa vizazi. Mstari mmoja wa jedwali wenye kijiji, umri, kazi na vipimo vya GPS vya nyumba, pamoja na safu inayoonyesha matokeo ya kipimo cha VVU au kifua kikuu, unamtambulisha mtu kwa kila anayekifahamu kijiji kile. Sauti ya mahojiano ni zaidi ya hapo, kwa sababu mtu hutambulika kwa sauti yake hata kabla hajataja jambo lolote. Faili linalounganisha namba za washiriki na majina yao ndilo nyeti kuliko yote, na ndilo ambalo mara nyingi hunakiliwa kwenye flashi "kwa muda tu".

Sasa tuje kwenye kufuta kwenyewe. Unapofuta faili, kwa kawaida kompyuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali lilipo na kupaacha pawe wazi kwa kuandikwa kitu kingine. Kufomati kwa haraka nako hufanya kazi ileile. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kuchunguza diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Baadhi ya zilizobaki zilikuwa na barua, kumbukumbu za matibabu na namba za kadi za benki.

Kwa diski ngumu ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka, dawa ni kuandika juu ya diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kuhakiki. Mara moja inatosha kwa diski za siku hizi. Ushauri wa kurudia mara 35 unaosambaa hadi leo ulitokana na teknolojia za miaka ya 1990 na utakupotezea siku bure. Flashi, kadi za memori na diski za SSD, yaani zile zinazotunza data kwenye chipu bila sahani inayozunguka, ni habari nyingine kabisa. Kifaa cha aina hiyo huhamisha data chenyewe kutoka seli (chumba kidogo cha data ndani ya chipu) moja hadi nyingine ili seli zisichakae mapema, na huwa na akiba ya seli ambazo kompyuta yako haizioni, hivyo ukiandika juu yake kuna vipande ambavyo hutavifikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilionyesha hilo mwaka 2011 kwa kufungua vifaa na kusoma chipu moja kwa moja. Kwa SSD tumia amri ya kufuta iliyowekwa na kiwanda ndani ya kifaa chenyewe. Kwa flashi za bei nafuu, ambazo mara nyingi hazina amri hiyo, vunja. Sumaku haifanyi kitu kwa vifaa hivi, hata iwe na nguvu kiasi gani.

Utapunguza sehemu kubwa ya usumbufu huu ukisimba kifaa kizima, yaani kukifanya kiandike data kwa siri isiyosomeka bila ufunguo wa kidijitali, kabla hakijapokea data ya kwanza, kwa sababu siku ya kukiondoa utaharibu ufunguo huo tu na kilichobaki hakitasomeka. Vishikwambi vilivyotoka kiwandani na Android 10 au toleo la baadaye husimbwa vyenyewe, na kuvirudisha katika hali ya kiwandani huufuta ufunguo. Ila kadi ya memori iliyochomekwa pembeni haiguswi na hatua hiyo, na hapo ndipo wengi huteleza wakati vishikwambi vinapogawiwa shule au wafanyakazi mwishoni mwa mradi. Toa kadi kwanza, ondoa akaunti, kisha ndipo urudishe.

Kuvunja nako kuna namna yake. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani kwa kawaida huwa na sahani za alumini, ambazo nyundo huzikunja tu, kwa hiyo fungua mfuniko kwa bisibisi ya nyota yenye ncha sita (Torx), toa sahani, uzitoboe na kuzikwaruza pande zote mbili. Sahani za diski ndogo za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo na hurusha vipande vikali. Vaa miwani ya kinga na uifunge diski kwenye gunia zito kabla ya kuipiga. Kwenye SSD au flashi kinachohesabika ni chipu: tundu moja katikati ya bodi linaweza kuziacha zote zikiwa nzima, kwa hiyo kila chipu ipasuliwe peke yake. Usichome moto, kwa sababu plastiki ya bodi hutoa moshi wa sumu na betri za lithiamu hulipuka. Mabaki ni taka za kielektroniki, na yapelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira.

Kuna vifaa vinavyotoka mlangoni bila mtu kufikiria data. Kompyuta inayopelekwa kwa fundi kubadilishwa kioo itolewe diski kwanza. Diski mbovu iliyo ndani ya dhamana hudaiwa irudishwe kwa muuzaji. Usiirudishe; ni nafuu kwa mradi kununua nyingine. Mashine ya fotokopi ya kukodi mara nyingi huwa na diski yake ndani, na mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Affinity, huko New York, ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa sababu ya mashine ilizozirudisha bila kufuta taarifa za wagonjwa.

Kabla ya yote hayo, soma itifaki (mpango rasmi wa utafiti) iliyopitishwa na kamati ya maadili na fomu ya ridhaa, kwa kuwa data zinazotakiwa kutunzwa kwa miaka kadhaa zikiteketezwa mapema nalo ni kosa. Muda ukiisha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hairuhusu uendelee kukaa nazo bila sababu, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Omba idhini ya mtafiti mkuu kwa maandishi. Kisha andika katika daftari la vifaa namba ya kiwandani ya kila diski, njia iliyotumika, tarehe, na sahihi za watu wawili waliokuwapo. Namba hiyo inakili kutoka kwenye lebo ya kifaa chenyewe kabla ya kukivunja, wala usiinakili kutoka kwenye orodha ya manunuzi, maana vifaa hubadilishwa njiani na orodha hubaki ilivyokuwa.