Volkano iliyofukiwa chini ya Jackson

SWALI: Nasikia Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi nchini Marekani, imejengwa juu ya volkano. Mbona hakuna mlima? Waliijuaje, na je, inaweza kulipuka?

JIBU: Kulipuka, sahau. Imezimika kwa zaidi ya miaka milioni 65 na joto lake limekwisha. Lakini ipo: kilele chake kiko takriban mita 880 chini ya ukumbi wa Mississippi Coliseum. Enzi hizo pale palikuwa bahari. Mwamba wa chokaa ukajijenga juu ya kilele, kisha mchanga na udongo vikafukia vyote. Chokaa hiyo ina matundu madogo madogo, na humo ndimo ilimonaswa gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1930.

Ushahidi hasa ulitoka kwenye visima virefu vilivyochorongwa, yaani vilivyotobolewa kwa mashine. Vipimo vya sumaku na vya uvutano hukuambia tu kwamba chini kuna mwamba mzito wenye madini ya chuma, na mjini mabomba na nondo huvuruga vile vya sumaku. Anayemaliza ubishi ni mchorongaji. Tope linalozungushwa kisimani hupandisha vipande vya mwamba, vinaoshwa, vinatazamwa kwa hadubini. Hapo wengi huteleza: vipande huchukua muda kufika juu, na usipoukokotoa muda huo utaandika kina kisicho chake. Kuta za kisima nazo hubomoka, vipande vya juu vikachanganyika na vya chini. Ukiwa na shaka, toa mche mzima wa mwamba, yaani kipande kirefu cha mviringo kilichokatwa bila kuvunjwavunjwa. Ni ghali, ila haudanganyi.

SWALI: Basi nyufa nyingi za nyumba na barabara za Jackson zinatokana na nini, kama si volkano?

JIBU: Udongo wa mfinyanzi uitwao Yazoo, ulio karibu na uso wa ardhi. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Kinachopasua ukuta ni unyevu usiolingana: bomba linavuja kona moja, kona hiyo inainuka, upande wa pili mti mkubwa unafyonza maji, msingi unashuka. Kagua mabomba na mifereji ya paa kabla ya kumwita fundi wa msingi. Kuusawazisha msingi huku maji yanaendelea kuvuja ni kutupa pesa.