Kwa anayekwenda kusoma Ujerumani: kule hakuna wa kukukumbusha

Mkuu, umesema umepata nafasi ya masta Ujerumani, unaanza Oktoba, na unauliza kama baridi, pesa na upweke vitakumaliza. Mimi nimesoma Bayreuth, mji mdogo wa kaskazini mwa Bavaria, kwa hiyo nitakayosema yapime na mji uendao. Munich au Berlin kodi ya chumba tu inaweza kukutoa jasho kwenye baridi hiyo hiyo.

Baridi naimaliza haraka. Koti usihangaike kulinunua huku, utalipata kule, na wana mitumba yao mizuri tu. Ndani ya nyumba kuna joto. Kinachochosha ni giza: Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na robo jioni. Siku yenye vipindi mfululizo hulioni kabisa. Utasinzia ovyo na kukosa hamu ya mambo, usije ukadhani umerogwa. Toka nje mchana hata kama ni robo saa, na hali ikizidi nenda kwa daktari, bima unailipia.

Kilichowasumbua wengi niliowafahamu hujakiuliza, nacho ni masomo yenyewe. Simaanishi ugumu wa mada, maana ukifaulu hapa na kule utafaulu. Nazungumzia utaratibu. Chuo cha nyumbani kuna CR, kiongozi wa darasa, anayetangaza kila kitu kwenye grupu la WhatsApp, kuna majaribio ya katikati ya muhula yanayokupa alama za kuanzia, na mwalimu akiona watu wamepungua anauliza. Kule mihadhara mingi hawaandiki mahudhurio. Hakuna anayejua kama umekuja, na hakuna anayejali. Vipindi vinaanza katikati ya Oktoba, vinaisha Februari, halafu alama zote za kozi zinategemea mtihani mmoja au andiko moja la kurasa 15 hadi 20.

Na huo mtihani unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo wa chuo. Kuna dirisha la tarehe fulani, likifungwa limefungwa. Jamaa mmoja wa Mwanza, kichwa kweli kweli, alikuwa anasubiri tangazo. Siku ya mtihani alikwenda na kalamu zake, akaambiwa jina halipo. Hakugombezwa wala hakuhurumiwa, alirudi tu chumbani. Kwa hiyo wiki ya kwanza tafuta kanuni za mitihani za programu yako, ni waraka mrefu wa kuchosha, usome wote. Humo utakuta unaruhusiwa kurudia mara ngapi. Programu nyingi ni mara tatu, na ukikwama ya mwisho kwenye somo la lazima unadisko, yaani unafukuzwa chuo, tena unaweza kuzuiwa kusoma fani hiyo hiyo kwenye chuo kingine chochote cha Ujerumani. Sapu za huruma, mtihani wa ziada wa kukuokoa, hazipo.

Alama nazo zimegeuzwa. 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya kuponea, 5.0 umefeli. Waeleze nyumbani mapema, maana mzee akisikia una 1.3 na yeye anajua GPA inapanda hadi 5.0, atakuitishia kikao cha ukoo.

Kwenye semina kaa ukijua kwamba kunyamaza hakuhesabiwi heshima. Sisi tumelelewa kumsikiliza mwalimu amalize. Kule mwanafunzi wa miaka 22 anamwambia profesa hakubaliani naye, na profesa anafurahi. Ukikaa kimya muhula mzima watakuona hukusoma. Nilichokuwa nafanya: naandika swali moja nyumbani, nalisema dakika kumi za mwanzo, kisha natulia. Ukikwama, kila mwalimu ana saa za kuonana na wanafunzi. Mwandikie barua pepe fupi, jina, namba ya usajili, shida yako. Salamu za aya nzima acha. Watakusaidia vizuri mno, lakini lazima uanze wewe. Halafu ratiba ikiandikwa 10 c.t. maana yake ni saa nne na robo, ikiandikwa s.t. ni saa nne kamili.

Utaratibu huo huo utaukuta nje ya chuo. Ukihamia tu una wiki mbili kisheria kujiandikisha makazi kwenye ofisi ya mji, wanaita Anmeldung. Bila karatasi ile mambo mengi yanakwama, kuanzia namba ya mlipakodi hadi kibali cha ukaazi, na benki nyingi nazo zinaitaka. Kila kitu ni miadi, na miadi ya ofisi ya wageni, wanaotoa hicho kibali, inaweza kuwa ya miezi ijayo, hivyo omba kabla viza haijakaribia kwisha. Majibu yanakuja kwa posta. Ndiyo, barua ya karatasi, karne hii. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku ile ile unayoingia, la sivyo tarishi anairudisha barua ilikotoka. Barua usizozielewa usiziweke chini ya godoro, mpelekee Mjerumani yeyote darasani akusomee. Mojawapo itakuwa ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna redio. Mkiishi watu wanne mnagawana.

Pesa. Kwenye akaunti iliyofungwa, ile unayoweka pesa za kujikimu kwa ajili ya viza, wanataka euro 11,904 kwa mwaka, nayo inakutolea 992 kila mwezi. Toa bima ya afya, inayokaribia euro 140 au kuzidi ukiwa chini ya miaka 30, toa chumba, kinachobaki ni cha kula na nauli. Kwa mji kama Bayreuth inatosha kwa mtu anayepika. Tatizo ni mwezi wa kwanza: akaunti haiachii hela mpaka ufike na ukamilishe taratibu, wakati mwenye nyumba anataka dhamana, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Beba akiba ya pembeni. Kazi inaruhusiwa, siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, na kazi ya kumsaidia profesa haihesabiwi humo. Hiyo itafute kwa nguvu zote. Kazi ya ghalani usiku inalipa, lakini nimeona watu wakisinzia mihadhara yote kwa sababu yake. Na ndugu wakianza kupiga simu za ada na msiba, panga kiasi mapema useme ndicho hicho.

Upweke upo, sikufichi. Wajerumani si wabaya, ila hawapitii mtu. Mtu atakwambia tunywe kahawa Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi, na Alhamisi hiyo saa kumi yupo. Sisi wa kubisha hodi bila taarifa tunaona kama anatukwepa. Njia yao ya kufahamiana ni kufanya kitu pamoja kila wiki, basi jiunge na michezo ya chuo, ni bei rahisi, na sura zile zile zikikuona mara nyingi mazungumzo yanakuja. Wakati mbaya kuliko wote ni Krismasi, bweni linabaki tupu na maduka yamefungwa. Panga mapema utakuwa wapi.

Kuna mlango mmoja watu wetu hawautumii. Vyuo kadhaa kule vinafundisha Kiswahili, Bayreuth, Leipzig, Hamburg na Berlin vikiwemo. Na si jambo la juzi: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin tangu 1900, akaoa huko, na alifia huko 1927. Hata kama unasomea uhandisi, nenda idara hiyo useme unatafuta wa kubadilishana naye lugha. Nilipata marafiki wa kudumu hivyo, na Kijerumani changu kilitoka hapo. Jiandae tu, watakuuliza mambo ya ngeli hadi ujute kuzaliwa Tanga.

Kijerumani jifunze hata kama masomo ni kwa Kiingereza. Profesa atakuelewa kwa Kiingereza, karani wa ofisi ya mji huenda asikuelewe, na kibali chako kiko mezani kwa karani.

La mwisho, uliuliza kuhusu chakula. Unga wa sembe unapatikana kwenye maduka ya Waafrika miji mikubwa, mji mdogo utaagiza mtandaoni. Nyama na vitu vya maziwa usipakie kabisa, hata iliyokaushwa, forodha hawaruhusu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Viungo vya pilau pakia vya kutosha. Ukijua mji wako uandike hapa, kuna wenzetu wametawanyika kule karibu kote.