Manowari Ishirini kwa Miaka Mitano? Jibu Langu kwa Kijana wa Lindi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lindi alinitumia ujumbe mrefu. Baada ya shikamoo akaja na swali: "Mzee, gesi ya Likong'o ikianza kulipa, hatuwezi kuwa na manowari 20 ndani ya miaka 5?" Nilimjibu kwa simu, lakini najua swali hili ni la wengi, hasa sisi wa kusini. Tangu Palma, mji wa Msumbiji, iliposhambuliwa Machi 2021 na watu wakakimbilia mto Ruvuma mpakani, hapa Mtwara hakuna anayeichukulia bahari kimchezo. Hamu ya kuona meli zetu zinalinda maji yetu ninayo hata mimi. Ila kwa miaka 5, mwanangu, haiwezekani.

Nasema hivyo kwa sababu nimezeekea chumba cha injini. Baada ya kuacha meli za mizigo niliajiriwa na kampuni moja ya uvuvi huku pwani, nikiwa mkuu wa mafundi. Tajiri akapata mkopo, akataka boti za faiba zenye injini za ndani, zote kwa mpigo. Kwenye kikao nikamwambia: agiza mbili kwanza, tufundishie watu humo, mwakani uongeze. Mhasibu wake akanijibu, mbele ya vijana niliowafundisha kazi kwa mikono yangu, kwamba mzee nimechoka, nikapumzike.

Boti zikaja. Manahodha wenye vyeti walitosha mbili tu. Zilizobaki wakapewa manahodha wa mashua, watu wanaoijua bahari kuliko mimi, lakini hakuna aliyewaonyesha geji ya joto la injini inasomwaje. Boti moja ikasogezwa kwenye kina kifupi maji yakiwa yanakupwa, pampu ya maji ya kupoza injini ikavuta mchanga, ile impela, kijigurudumu cha mpira ndani ya pampu, ikalika meno yote. Injini ikachemka, nahodha akaendelea kukanyaga mafuta, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda. Impela yenyewe inaenea kwenye kiganja. Stoo haikuwepo hata moja, maana bajeti yote ilikwenda kwenye boti. Wakaanza kuvua ya boti hii kuvalisha ile. Msimu haujaisha, boti nyingi zilikuwa zimefungwa, matumbo yameota magamba. Bado inaniuma. Nilisema mapema, nikadharauliwa.

Manowari ni habari hiyohiyo, ila imezidishwa mara elfu.

Najua mtaniletea mfano wa Marekani. Ni kweli, Novemba 1942 kule Richmond, California, meli ya mizigo Robert E. Peary iliunganishwa kwa siku 4 na saa 15. Lakini vipande vyake vilikuwa vimeshachomelewa na kupangwa pembeni. Ile ilikuwa meli nyepesi kujenga, ya mchoro mmoja uliorudiwa zaidi ya mara 2,700, na meli za mwanzo za aina hiyo zilikula miezi. Tazameni manowari zao badala yake: sheria ya kupanua jeshi la maji ilipita Julai 1940, na wingi wa meli hizo ulionekana 1943 na 1944. Hao walikuwa na viwanda, chuma na mafundi kabla ya sheria. Hata manowari Dreadnought ya Waingereza, iliyojengwa kwa mwaka mmoja na kukamilika Desemba 1906, ilichukua mizinga iliyokuwa imeagizwa kwa ajili ya meli nyingine.

Na leo Marekani hiyohiyo inahangaika. Frigeti, yaani manowari za ukubwa wa kati, za aina ya Constellation zilisainiwa mkataba 2020, ya kwanza ikatakiwa 2026, ikasogezwa hadi 2029, na mwaka 2025 mpango ukakatwa, zikabaki mbili za mwanzo. Walichukua mchoro wa Ulaya uliokwisha kufanya kazi, wakaubadilisha karibu wote, kisha wakaanza kukata chuma mchoro haujaisha.

Sisi wa Mtwara tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa haya. Gati la zamani la bandari yetu ni mtoto wa haraka ya Waingereza. Mwaka 1947 walianza mradi wa karanga, uliopangiwa ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na Nachingwea huku kusini. Trekta zikawa chache, wakageuza vifaru vya vita kuwa trekta. Udongo na mvua hawakuvipima vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, gati likaja kukamilika wakati karanga za kupakia hazipo, na reli ya Nachingwea ikang'olewa miaka ya 1960.

Hesabu yangu ni hii. Boti ya doria kutoka kiwanda chenye mchoro tayari, mwaka 1 hadi 2. Korveti, manowari ndogo kuliko frigeti, miaka 3 au 4 tangu kusaini mkataba. Frigeti, 5 hadi 7. Nyambizi usiitaje kabla ya 10. Na kijana anayeingia chuo cha maofisa leo hakabidhiwi frigeti kabla ya miaka 15 hivi. Tena ukiwa na meli 3, tegemea 1 iko baharini. Moja iko matengenezo, nyingine inafundisha watu. Kwa hiyo manowari 20 ni miaka 20, na ni kama tutaanza na watu, chelezo za kutengenezea meli, na stoo ya vipuri.

Kununua meli kuukuu? China waliinunua Varyag, meli ya kubeba ndege iliyokuwa haijakamilika, kutoka Ukraine mwaka 1998. Iliingia kazini kwa jina la Liaoning mwaka 2012. Na hao ni watu wenye viwanda vya meli.

Vijana, acheni kuhesabu meli kwenye simu. Nchi haikosi wa kushangilia meli ikishushwa majini, inakosa wa kuchomelea bamba lisivuje. VETA ipo Lindi, ipo na Mtwara. Jifunze kuchomelea chuma, kisha aluminiamu, ndipo uende Chuo cha Bahari Dar es Salaam ukasomee mitambo ya meli. Wewe uliyeniandikia, ukishapata cheti cha kwanza nipigie. Kuna fundi Mikindani anatafuta msaidizi, nitakupeleka mwenyewe.