Jibu langu kwa swali la wiki, mimi dereva wa lori

Mhariri salaam. Swali lenu la wiki hii linasema "Nini kilikusaidia kusimama tena kiakili baada ya korona?" na nimesoma majibu ya wenzangu, mmoja alipanda mboga ya sukuma kwenye magunia, mwingine alikuwa anakimbia kila asubuhi, dada mmoja akajifunza kuoka keki na sasa anauza. Vizuri sana, siwacheki. Lakini mimi swali lenyewe nimelisoma nikiwa nangoja zamu ya mizani ya kupimia malori hapa Mariakani likanikera mpaka nikaanza kuandika hapo hapo kwenye simu, kwa hivyo makosa ya vidole mnisamehe. Manake mnauliza kama vile kuumia ilikuwa kila mtu na kichwa chake, na kupona pia kila mtu na kichwa chake. Mimi ningeuliza, nani alikuangusha, na je alirudi kukuinua?

Mimi naendesha trela, Mombasa Kampala, saa nyingine napitiliza mpaka Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Nilianza kama taniboi, msaidizi wa dereva, miaka ya tisini, na wenye umri wangu wanakumbuka vile tulikuwa tunatazamwa wakati ule, ukisema wewe ni wa malori mtu anasogea kidogo kwenye kiti, ati sisi ndio tunasambaza ukimwi kutoka bandarini mpaka ndani ya Afrika. Ilichukua miaka mingi hiyo kitu kupoa. Kupoa tu, korona hii hapa.

Na mgonjwa wa kwanza wa Kenya, aliyetangazwa Machi 13, 2020, alikuja na ndege. Wa Uganda siku chache baadaye naye alikuja na ndege, kutoka Dubai. Hakuna aliyeshuka kwa lori. Lakini kufika Aprili, Mei, ukifungua redio ukiwa Tororo, Uganda, ni madereva, madereva, Wakenya kadhaa, Watanzania kadhaa, wametajwa kwa nchi zao kama mechi ya mpira. Halafu Rais Museveni wa Uganda akasema dereva mgeni akipatikana nayo arudishwe kwao. Nyumbani wanatuita mashujaa tunaolisha nchi, tukivuka mpaka ni sisi ndio ugonjwa. Sasa niambie, hapo unapanda sukuma kwenye gunia la wapi?

Cheti tulikuwa nacho bana. Unapimwa kabla ya kutoka, kinadumu siku 14, na majibu yenyewe yanachelewa mpaka unakipata kimeshaanza kuzeeka. Halafu ukifika mpakani Uganda nao wanakupima upya, na unangoja.

Basi mwisho wa Mei hivi tukakwama kabla ya mpaka wa Malaba, upande wa Bungoma, foleni ya malori imenyooka makumi ya kilomita, ukipanda juu ya kontena huoni mwanzo wala mwisho. Unasogea urefu wa trela mbili, unazima, unalala. Mvua kila jioni. Usiku huwezi kufumba macho yote mawili sababu wezi wa mafuta wako chini ya gari na mipira yao ya kunyonyea. Watoto wakipita wanatuimbia "korona, korona" halafu wanakimbia. Vyoo vya vihoteli vyote vya pale vimetiwa kufuli. Mimi mtu mzima, nina wajukuu, natembea na chupa ya maji natafuta kichaka, jioni redio inalalamika ati madereva wanachafua mashamba ya watu. Kwani tungeenda wapi?

Palikuwa na mama mmoja, nyumba yake imeingia ndani kidogo kutoka barabarani, mbele ina mwembe. Upande ule ni yeye peke yake aliyekubali kutuuzia chakula. Chapati na maharagwe, siku nyingine ugali na sukuma. Sasa sikilizeni alivyokuwa anauza. Hapo kwenye kalvati aliweka jiwe bapa, juu ya jiwe mkebe wa Kimbo una maji ya Jik, ile dawa ya kuua vijidudu. Wewe unakuja na sahani yako mwenyewe, unaiweka chini, unatia hela ndani ya mkebe, unarudi nyuma mpaka kwa lori lako. Ndio yeye anatoka chini ya mwembe, leso imemfunika pua na mdomo, anakupakulia kutoka juu mwiko usiguse sahani, chapati anaiangusha tu, anachukua mkebe wake anaondoka. Chenji anaitupa kwenye nyasi. Na ukisogea kabla hajafika mwembeni anakupigia kelele, "Dereva! Simama hapo hapo!"

Halafu zile noti, na hii ndiyo mimi sijaweza kuitoa kichwani, alikuwa anazianika. Kamba ya nguo kutoka mwembeni mpaka nguzo ya jikoni, noti za mia na mia mbili zimebanwa na vibanio, zingine rangi ishaanza kupauka kwa ile Jik, zinapepea katikati ya mashuka na sare za shule, na shule zenyewe zimefungwa. Nikiwa nimekaa kwa usukani naziona. Hela zimetoka mfukoni mwangu, nimezitolea jasho, zinafuliwa mbele ya macho yangu kama nepi. Wenzangu walikuwa wanacheka, kuna mmoja wa Voi akawa anatafuta ipi ni yake, anasema yangu ile pale iliyokunjwa pembe. Mimi sikucheka.

Siku moja nikashindwa. Nikamwambia mama, kwani huna M-Pesa, si serikali imesema tutumie simu, na chini ya elfu moja hata hukatwi kitu? Akasema simu ameenda nayo kijana wake Kisumu. Nikamwambia basi angalau chenji usinitupie, mimi si mbwa. Nilisema kwa sauti mpaka watu wakafungua milango ya magari kutazama. Hakujibu hapo hapo. Akaweka sufuria chini, akashusha leso kidogo ikatoka mdomoni, akasema, na sizidishi neno: "Dereva, mimi niko na mama kwa nyumba, ako na pumu. Wewe ukitoka hapa unaenda Kampala. Mimi nitaenda wapi?"

Akapandisha leso akaendelea kupakua. Siku hiyo chapati zilikuja na moja zaidi, sijui aliniongezea au alikosea kuhesabu.

Nilikula na hasira zangu. Na wallahi nilipoanza hii barua nilitaka huyo mama awe ndio mfano wangu wa vile tulivyofanyiwa, lakini kadri ninavyoandika naona siwezi. Yule mama alituogopa na akatulisha. Kila siku alitoka chini ya ule mwembe akaja mpaka kalvati. Waliokaa kwenye mikutano wakaamua lori gani lisogee na lipi lisimame hawakutuletea hata jerikeni ya maji, hata choo kimoja cha mabati, na noti zao hakuna aliyezianika. Kwa hivyo hasira niliipeleka kwa aliye karibu. Nadhani wengi tulifanya hivyo mwaka ule, majumbani pia.

Nyumbani Mikindani, Mombasa, nako sitaki kusema mengi. Sahani ya plastiki ya kijani, yangu peke yangu, inawekwa kwenye ngazi. Mjukuu anashikwa shati asinikimbilie. Jirani mmoja tuliyesali naye miaka akamwambia mke wangu bora nilale kwenye lori, na nililala kwenye lori.

Watu husema madereva ni ngozi ngumu, hawa hawana msongo wa mawazo, wanatafuna miraa wanaendelea. Sawa. Mimi mpaka leo nikimlipa mtu siwezi kumwekea hela mkononi. Dukani naiweka juu ya kaunta, kwa makanga wa matatu naiweka kwenye kiti, mke wangu anasema ni kiburi. Si kiburi, mkono unakataa tu. Na nikikuta foleni imesimama, zile taa nyekundu za breki zimejipanga mbele, moyo unaanza kwenda mbio na viganja vinalowa jasho, hata kama ni ajali ndogo tu hapo Mtito Andei. Mambo haya nimeyaandika hapa kabla sijamwambia mtu yeyote, sasa mtajua ni kwa nini sitaki jina langu liwekwe.

Binti yangu ni muuguzi. Alinisomea mahali WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema, ilikuwa Machi 2022, kwamba mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Nikamuuliza hao waliohesabiwa, kuna aliyekuja kwenye foleni ya Malaba kuuliza? Akanyamaza. Si kosa lake lakini.

Sasa mnataka kujua kilichonisaidia. Januari 2022 Uganda walirudisha tena habari ya kupima kila anayeingia, na safari hii unalipa dola 30 mfukoni mwako, madereva tukakataa kuvuka. Mtakumbuka petroli ilivyopanda Kampala wiki zile. Kwa hivyo foleni tena, na mimi nikajikuta nimesimama karibu na mwembe ule ule. Mama amenenepa kidogo, ana mwavuli barabarani kabisa, anauza chai na mandazi. Nikanywa. Nikatoa mia, nikawa natafuta mahali pa kuiweka, hapakuwa na meza, sinia limejaa mandazi. Akanyoosha mkono, kiganja kitupu. Nikasimama pale kama mjinga. Nikamwekea mkononi, akalamba kidole akahesabu chenji akanipa mkononi, vidole vyake vina mafuta ya mandazi. Sijui kama alinijua. Habari za 2020 hakuna aliyezitaja, na mama yake wa pumu nilitaka kumuulizia nikaogopa jibu.

Usiku huo nililala mpaka asubuhi. Inaweza kuwa ni hiyo chai, inaweza kuwa ni kwa sababu tulikuwa kwenye mgomo na bosi hapigi simu kuuliza mzigo umefika wapi, siwezi kuapa. Na haikuniponya kabisa, si nimewaambia habari ya kaunta. Lakini kama mnataka kitu kimoja, andikeni hicho. Sikujiinua mimi. Kuna mtu aliyenyoosha mkono, tena alikuwa anafanya biashara zake tu.

Nilikuwa nimepanga nimalizie kwa kusema mambo ya ushauri nasaha ni ya watu wa ofisini, sisi tuachieni barabara yetu. Nimefika hapa sina uhakika tena. Vile vikontena vya kliniki kando ya barabara ya malori, tumezoea kuingia kupimwa presha na ukimwi, hata vile tuliviogopa mwanzo, ukionekana unatoka pale ilikuwa aibu. Wangeweka humo mtu wa kusikiliza. Ila asianze na fomu. Na ingefaa awe ashawahi kulala kwenye lori hata usiku mmoja, la sivyo nitatumia saa nzima kumweleza foleni ni nini. Mimi mwenyewe siahidi nitaingia, pengine mara ya kwanza nitasema nimekuja kuomba Panadol. Na wafungue usiku, manake mchana tuko barabarani, na sasa hivi wananipigia honi hapa nyuma, zamu yangu ya mizani imefika.