Mkojo safi, mzee bado analalamika

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo hapa Tanga, mtawazoea haraka wazee wanaoamka mara tano usiku kukojoa. Akikojoa damu tutasema kichocho, maana huku pwani kipo kweli. Mkojo ukimuunguza, U.T.I. Akijikamua, tezi dume. Mara nyingi mtakuwa sahihi. Nawaandikia habari za yule mmoja asiyeponea hapo, ambaye shida yake ni mshipa wa damu.

Wangu alikuwa mvuvi wa zamani kutoka Pangani, kapita miaka 70, mvutaji sigara, presha ya siku nyingi. Ameshamaliza dozi mbili za siprofloksasini, ile antibayotiki, na moja ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kwenye hadubini mkojo hauna usaha wala mayai ya kichocho. "Mwanangu, ubavu wa kushoto unavuta mpaka kinenani," aliniambia. Nikamwandikia dozi ya tatu. Linaniuma mpaka leo.

Aliporudi, daktari wangu mkubwa alimpima kwa kidole njia ya haja kubwa. Tezi dume ya kawaida tu. Lakini juu yake, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu kinadunda. Akaniambia nivae glovu, niguse taratibu, nisibonyeze. Mkono wangu wa pili ulikuwa kwenye mapigo ya kifundo cha mkono wa mzee: vyote viwili vilidunda pamoja. Altrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imejaa maji, na chini kabisa ateri ya ndani ya nyonga, yaani mshipa unaopeleka damu nyongani, imetanuka kama puto.

Mrija wa mkojo ukitoka kwenye figo hupita juu ya ateri za nyonga, karibu na zinapogawanyika, ndipo ushuke kwenye kibofu. Ateri ikivimba, mrija hubanwa na mkojo hurudi kwenye figo. Kibofu nacho kikisukumwa, mzee hukojoa kila mara au hushindwa kabisa. Mpira wa mkojo utampa nafuu, ila bado hujajua kilichomziba. Na ukipapasa tumbo peke yake, uvimbe uliojificha nyongani utakupita.

Kwa hiyo kwenye fomu ya altrasaundi msiandike "figo na kibofu" mkaishia hapo. Ongezeni "aota na ateri za nyonga"; aota ni ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Uvimbe wa ateri ya nyonga ukifika upana wa sentimita 3, mpigieni daktari mpasuaji wa mishipa siku hiyohiyo. Na mzee wa namna hii akipata maumivu ya ghafla, akapauka na kutoka jasho, huenda ateri imepasuka; msimwache asubiri foleni ya maabara: wekeni kanula (mirija ya kwenye mshipa) mbili kubwa, tumeni damu ya kupimwa kundi, mwiteni mpasuaji mkiwa bado mmesimama kitandani kwake.